Buti Limejaa

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za ofisi. Wenzangu wadogo walinikatia keki yenye umbo la kompyuta, tukanywa chai, na kabla sijachukua mkoba wangu wakaniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kazi. Vyeo mtavikuta kwenye mafaili ya ofisi, na mshahara wangu hauna la kumfundisha mtu. Nitawaandikia habari za buti. Ndiyo kazi niliyoitwa kuifanya mara nyingi kuliko nyingine yoyote, na mpaka leo naiendea kwa adabu, kama mtu anayepita karibu na mwenzake anayeswali.

Nilizaliwa Kamwokya, nyuma ya duka la vitambaa la babu yangu. Ukoo wetu ulifika Kampala na biashara kutoka pwani, zamani ambazo hakuna aliyebaki wa kuzisimulia vizuri, na nyumbani tulisema Kiswahili tu. Shuleni nilichekwa kwa ajili yake, maana mjini kwetu kilihesabiwa kuwa lugha ya askari na wageni. Nikajilipizia kwa kusahihisha watu. Mtu akisema "kalibu", mimi hurudia "karibu" kwa sauti ya kutosha asikie. Nimewakera wengi kwa tabia hiyo, na baadhi yenu ni mashahidi.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitambaa nipanguse vumbi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri, na ndani yake mlikuwa na kompyuta tatu zilizofunikwa mashuka. Fundi mkuu alikuwa Afande Okot, mwanajeshi mstaafu wa kitengo cha mawasiliano, mtu mrefu, mkimya, aliyepiga pasi hata ovaroli lake. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Nilijizuia kukisahihisha kwa sababu ya urefu wake.

"Binti," akaniambia, "hapana panguza tu. Washa hii moja, halafu kaa chini, angalia."

Nikabonyeza kitufe. Kioo kikabaki cheusi, kisha kikatokea kistari kimoja cheupe kinachokonyeza, kisha maandishi yakaanza kushuka, mstari kwa mstari, kasi kuliko nilivyoweza kusoma. Afande Okot alikuwa ameona jambo hilo maelfu ya mara, lakini alisimama nyuma yangu na mikono mgongoni hadi mwisho.

"Ikizimwa, haijui kitu," akasema. "Haijui iko na diski. Haijui hata iko na kioo. Sasa nani naamsha yeye?"

Nilidhani ananitania. Baadaye akanieleza, na tangu siku ile sijapata kuwasha kompyuta bila kulifikiria. Ndani ya mashine mna kitu kidogo sana kinachojua jambo moja tu: pa kwenda kumwamsha mwingine. Huyo wa pili anajua njia ya kufika kwenye chumba kimoja kidogo cha diski. Chumbani humo kuna kiini, programu inayoendesha kila kitu, na pembeni yake furushi la vifaa ambavyo kiini kinahitaji katika sekunde zake za kwanza, kabla hakijaweza hata kusoma diski yote. Kiini kinaamka, kinafungua furushi, kinatafuta macho na mikono yake, halafu ndipo kinawaamsha wengine wote. Yote hayo hutokea wakati mtu anakwenda kuchukua chai.

Chumba hicho kidogo kwa Kiingereza kinaitwa "boot". Sisi tulikiita buti, kama buti la gari, na jina lilikifaa sana. Kila mara mashine inapoletewa kiini kipya, kile cha zamani hakiondoki. Kinabaki na furushi lake. Kinakuja kingine, nacho kinabaki. Mwenye mashine haoni lolote, mpaka siku moja anapoambiwa hakuna nafasi, wakati diski yake kubwa iko tupu kama uwanja. Ni buti ndilo limejaa. Anapiga simu akiapa kwamba hajaweka kitu, na kweli hajaweka.

Afande Okot alikuwa na utaratibu wake wa kulisafisha, na ofisi yetu iliufuata hata baada ya yeye kustaafu. Alibakiza viini viwili tu. Kile cha sasa alikipa jina linaloishia na L, na kile cha nyuma yake, kilichokwisha kuthibitika, kikaishia na R. L ilikuwa "left", mguu wa kushoto, na R ilikuwa "right", mguu wa kulia.

"Kwa gwaride, mguu ya kushoto ndiyo naanza," alisema. "Ikijikwaa, ile ya kulia nashika wewe. Askari hapana tembea na mguu moja."

Ukitaka kuona kilichomo katika chumba cha mashine hizi, unaandika ls. Ukitaka kufuta, unaandika rm. Afande alifurahi sana alipogundua hilo. Kuangalia kunaanza na kushoto, kufuta kunaanza na kulia, kwa hiyo kila aliyefuta kabla ya kuangalia alikuwa ameanza gwaride vibaya. Mashine haiulizi "una hakika?" Unaandika herufi mbili na jina, unabonyeza, basi.

Na kwa simu alikataza kabisa kutaja herufi hizo mbili. "Sema mguu," alisisitiza. "Sema kushoto, sema kulia. Hapa Kampala L na R hapana aminika." Mimi niliona ni mambo ya kambini. Alipostaafu na mimi nikakaa kwenye kiti chake, niliacha mara moja. Nilikuwa nasema Kiswahili na Kiingereza vizuri, nikaona watu wazima hawana haja ya kuhesabu miguu kwenye simu.

Nawapitisha miaka mingi hapa. Niliyofanya katika miaka hiyo ni kazi: bisibisi yenye sumaku, tochi, daftari la kurasa mia mbili nililoandikia kila mashine na tabia zake, baadaye flashi. Nimekuta mjusi ndani ya seva. Nimekuta shule moja imefunga kompyuta yake kwa mnyororo na kufuli, na ufunguo umo ndani ya droo iliyofungwa kwa mnyororo huohuo. Mabuti niliyosafisha sikuyahesabu. Kisha ikaja siku ya Bugolobi, na hiyo ndiyo nataka muijue vizuri, kwa sababu kosa lilikuwa langu na sijapata kuliandika popote.

Ilikuwa hospitali ndogo ya binafsi, nayo nitaiacha bila jina. Maabara yao ilikuwa na friji ya damu, na rejista ya damu hiyo ilikaa ndani ya mashine moja niliyoifunga mwenyewe. Kila mfuko ulibandikwa namba tu. Namba hiyo ni ya nani, imepimwa na nani, inapatana na mgonjwa gani, yote hayo yalikuwa ndani ya mashine. Mkuu wa maabara alikuwa Nalwoga, mwanamke wa makamo, makini, mwenye mkono mzuri kwenye kibodi. Tulikuwa tumefahamiana kwa miaka. Nilikuwa nimemsahihisha mara nyingi.

Alinipigia saa saba mchana. Mimi nilikuwa kwenye gari langu Ntinda, kwenye foleni ambayo ilikuwa haijasogea tangu adhana.

"Hajati, habali za kazi? Mashine inasema hakuna nafasi. Irikuwa inaleta kitu kipya, imekwama katikati."

"Buti limejaa," nikasema. "Ni kazi ya dakika mbili."

"Bambi, tafadhali, tusaidie halaka. Kuna mama wa upasuaji saa tisa, Akello. Damu yake imepatikana kwa taabu, nimeipima asubuhi hii. Na dawa ya kupimia imeisha, nyingine inakuja kesho. Nisipoonyesha matokeo yangu kwenye lejista, daktari hapokei mfuko."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Kiini kipya kilikuwa kimekwama nusu, hakifai kitu. Kile cha R kilikuwa kimezeeka. Nikaona tufute R, kipya kipate nafasi, na L ibaki kutulinda. Nikamsomea amri.

"Futa ile yenye R mwishoni, na furushi lake," nikasema.

"Kale," akakubali kwa Kiganda. "Nafuta ala."

Hapo ndipo nilipokosea, na nataka mlione kosa lenyewe kwa karibu. Ulimi wa Kiganda haugawi L na R kama tunavyogawa sisi. Sauti hiyo huwa R ikitanguliwa na "e" au "i", na kwingineko huwa L. Kwa hiyo Nalwoga akitamka jina la herufi R, linatoka "ala". Akitamka jina la L, linatoka "era". Amezipishanisha kwenye sikio lako, lakini kichwani mwake na kwenye vidole vyake ziko sawasawa kabisa. Alikuwa amenielewa. Alikuwa amefuta kile nilichomwambia.

Mimi nikasikia "ala" nikaruka kwenye kiti. "Siyo L! Nimesema R!"

"Ndiyo, Hajati. Ala. Nimefuta tayali."

"Siyo hiyo, Nalwoga! Ile nyingine! Futa ile nyingine!" Nilikuwa napayuka juu ya sauti yake, na lile neno "tayali" sikulisikia.

Nalwoga ni mtu wa heshima, na mimi nilikuwa Hajati, niliyefunga mashine. "Ire nyingine pia?" akauliza taratibu.

"Ndiyo, ile nyingine, nimekwambia!"

Nikasikia vidole vyake kwenye kibodi. Kisha nikamwambia aangalie kilichobaki. Yaani nilianza na mguu wa kulia.

"Hajati," akasema, "hakuna kitu. Ala hakuna, era hakuna. Kuna hii ya nusu tu."

Nyuma yangu mtu alipiga honi. Nikamuuliza kama mashine imezimika.

"Aa, iko sawa tu. Naona majina yote. Akello namuona hapa."

Mniamini, wadogo zangu, nililia palepale kwenye usukani, na sikulia kwa hofu peke yake. Nilikuwa nalijua jambo hilo kwa kitabu, lakini sikuwa nimewahi kukutana nalo uso kwa uso. Kiini kikishaamka hakirudi tena kule buti. Kinaishi kwenye kumbukumbu ya mashine mpaka umeme ukatwe. Tulikuwa tumefuta kila kitu kilichoiamsha, na yenyewe iliendelea kujibu, kupanga majina, kutunza damu ya watu, kana kwamba hakuna lililotokea. Ilikuwa kama mpishi aliyejifunza mapishi kwa moyo, karatasi ikaungua, naye anaendelea kupika, lakini akilala tu ataamka hajui hata kuwasha jiko. Rejista isingepotea. Ingefungiwa ndani, na kuitoa kungenichukua mpaka kesho yake. Akello hakuwa na kesho yake ya kungojea.

Juu ya Ntinda mbingu zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi, na kila mtu wa Kampala anajua mvua ya namna ile hufanya nini kwa umeme.

"Nalwoga," nikasema, "usiizime. Mtu yeyote asiiguse. Ile ya mapokezi imewashwa?"

"Imewashwa."

Mashine ya mapokezi niliifunga siku moja na ya maabara, viini vilevile. "Chukua flashi. Nenda mapokezi, ingia kwenye buti lake, kwanza angalia. Utakuta mbili. Chukua ya mguu wa kushoto."

"Mguu?"

"Herufi ya 'left'. Kushoto. Kama askari wakitembea."

Akacheka. "Kushoto. Nimeerewa."

"Nimeelewa" ndiyo sahihi, lakini siku hiyo nilimeza neno langu. Nikaliacha gari kwenye kituo cha mafuta, nikamwita kijana wa boda, nikamwambia Bugolobi, na asinionee huruma kwa ajili ya umri wangu. Hakunionea. Matone ya kwanza yalitukuta njiani.

Nje ya mlango wa maabara kulikuwa na benchi, na juu yake alikaa askari polisi mwenye sare iliyolowa mabegani, kofia magotini. Alinyanyuka aliponiona na begi langu.

"Mama, wewe ndiye fundi? Kompyuta naumwa?"

"Inaumwa kidogo."

"Mimi Ojok. Bibi yangu, ile mimi nilioa, ndiye iko ndani. Wanasema damu iko kwa friji, lakini haina jina." Alinitazama kama mtu aliyeambiwa jambo ambalo halieleweki kwa lugha yoyote. "Damu inakosa jina namna gani?"

Niliingia ndani.

Nalwoga alikuwa amekwishaleta kiini cha kushoto na kukiweka mahali pake. Nilikaa, nikaangalia kwanza, nikaangalia tena. Kiini kilikuwepo, lakini furushi lake lilipaswa kufungwa upya papo hapo, kwa vifaa vya mashine hiyo yenyewe. Na aliyepaswa kulifunga alikuwa ni kile kiini kilichokuwa kikiishi kwenye kumbukumbu. Nikaandika amri. Mashine isiyo na njia ya kurudi ikaanza kujitengenezea njia ya kurudi. Nalwoga aliweka mkono begani kwangu.

Taa zikazimika. Betri ya akiba chini ya meza ikaanza kulia, pii, pii, pii. Ilikuwa imezeeka. Mwaka uliotangulia niliwaambia wanunue nyingine, nao wakaniambia watalifikiria.

"Dakika ngapi?" Nalwoga akauliza.

"Tano, ikiwa na adabu."

Furushi linafungwa polepole sana ukilitazama. Mashine iliniambia limekamilika wakati betri ilikuwa imeanza kulia mfululizo. Nikaandika upya orodha ya kuanzia, ile inayomwambia mwamshaji aende wapi, nikahakikisha kila kitu kimeshuka kwenye diski, nikaizima mashine kwa utaratibu wake. Kioo kikawa cheusi. Sekunde chache baadaye betri nayo ikanyamaza, na chumbani tukabaki na sauti ya mvua juu ya mabati.

Jenereta ilikuwa nyuma ya jengo na mlinzi alikuwa anavuta kamba yake bila mafanikio. Ojok alikwenda kumsaidia. Tulimsikia akihesabu kwa sauti, moja, mbili, na kuvuta. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia tisa. Wakati huo wa giza nilimwambia Nalwoga ukweli.

"Wewe ulisikia sawa. Mimi ndiye niliyesikia vibaya. Nitaliandika kwenye daftari lenu kwa jina langu."

"Hajati, mimi pia ningeuliza tena."

"Uliuliza."

Nalwoga akasema, "Miaka yote unanisahihisha, nirifikiri siku moja nitakukosesha." Hakuwa anacheka. Nilimwomba radhi, na sikumwomba kwa simu ile peke yake.

Jenereta ikashika. Taa zikarudi zikiwa na rangi ya manjano. Nikanyoosha kidole kwenye kitufe na kidole kikakataa, kwa sababu hakuna namna ya kujua kabla. Unaweza kukagua mara kumi, lakini mashine iliyozimwa haijui lolote, na wewe pia hujui lolote kuhusu itakavyoamka. Nikasema bismillahi nikabonyeza.

Kioo cheusi. Tukangoja. Kistari kimoja cheupe kikatokea, kikakonyeza. Kikakonyeza tena. Nilikuwa na miaka hamsini na minane, na nilikuwa nimerudi kwenye chumba kile juu ya duka la vipuri, na kitambaa mkononi. Kisha mstari wa kwanza ukashuka. Kiini kimeamka. Kimefungua furushi. Kimeiona diski, kimeiona kibodi, kimetuona sisi kwa namna kinavyoona. Mistari ikamiminika, na Nalwoga akawa anasema "banange, banange", yaani jamani, kwa kunong'ona, nami machozi yalikuwa yananitoka bila aibu yoyote. Katika kazi hii nimeona mashine mpya za kila aina, zenye kasi ya kutisha. Sijaona kitu kikubwa kuliko kitu kisichojua lolote kikijiinua mpaka kujua majina ya watu.

Rejista ikafunguka. Mstari wa juu kabisa ulikuwa wa mwisho kuandikwa asubuhi ile. Nalwoga alivaa miwani, akatoa mfuko kwenye friji, akaulinganisha na kioo, namba kwa namba. Kisha, kwa kuwa kanuni inataka jina lisomwe kwa sauti mbele ya mtu wa pili, akalisoma kwa sauti kubwa, kubwa kuliko kanuni inavyotaka.

"Akello Beatrice!"

Nje kwenye benchi kiatu kiligonga sakafu. Ojok alikuwa amesimama wima, mafuta ya jenereta hadi viwikoni, akitazama mlangoni ilikotoka sauti iliyotaja jina la mkewe.

"Yuko!" akaitikia. "Yuko hapa!"

Nalwoga akapita mbele yake na mfuko, naye akamfuata kuelekea chumba cha upasuaji.